Kijiko Kimoja cha Kimea

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda ukae upande huu usiopigwa na moshi. Ninachotaka kukueleza ni habari ya uji, na uji haupendi haraka. Nikipita mahali hujaelewa, nisimamishe uniulize. Miaka mingi nimeulizwa maswali na kina mama wenye mtoto mgongoni na jembe begani, na sikumbuki hata moja lililokuwa la kipuuzi. Upuuzi ninaoukumbuka ni wangu mwenyewe, na ndio huu ninaokuja kuusimulia.

Nilikuwa mhudumu wa afya ya mama na mtoto, msichana wa mjini, mzaliwa wa Lizaboni pale Songea, ndio kwanza nimetoka chuoni. Nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Mpitimbi. Nilipakia godoro, sanduku la bati na baiskeli juu ya lori la mbolea, nikafika na vumbi hadi kwenye kope. Kijiji kilinipokea vizuri. Jioni ya kwanza nililetewa ugali na likolo, mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, nikala mpaka nikaona haya.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo utotoni mwangu yalikuwa na viberiti na majani ya chai tu, ghafla yalijaa. Sukari ilikuwepo, mafuta ya kula kwenye madumu ya njano yalikuwepo, na maziwa ya kopo yenye picha ya mtoto mnono yalipangwa mstari mbele ili kila anayepita ayaone. Kule mjini, pale Msamala, mitumba ilitandazwa mpaka kwenye mtaro. Sisi tuliokulia kwenye foleni tulitazama zile rafu tukaamini kwamba dawa ya kila shida sasa inauzwa. Na mimi niliamini. Nilikuja kijijini na chati ya kitambaa yenye picha za chakula bora cha mtoto: uji, na pembeni yake maziwa, yai, mafuta na sukari. Kila siku ya kupima uzito niliitundika kwenye mlango wa ghala la zamani la ushirika, nikachukua fimbo ya kuonyeshea, nikafundisha.

Siku ya kwanza tu, mtu mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mama mpika pombe wa kijiji, umri wa mama yangu mzazi, mnene, mikono imekomazwa na joto la mapipa, na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amempakata mjukuu wake, mtoto wa binti yake.

"Nesi, mwanangu, hapo penye maziwa," alisema. "Maziwa ya nani?"

"Ya ng'ombe, mama."

"Ng'ombe yupo upande gani? Maana hapa kwetu mnyama tunayemfahamu vizuri ni panya. Nimkamue?"

Kina mama walicheka mpaka watoto wakaamka. Nami nilicheka, lakini kwa mdomo tu. Moyoni nilimwandika yule mama upande wa maadui. Si kwa ajili ya panya. Kilabu chake kilikuwa hatua chache tu kutoka mahali tulipopimia watoto, na nilikwisha kumwomba mwenyekiti wa kijiji akihamishe. Tena katika mafundisho yangu nilikuwa nimesema neno ambalo baadaye nililirudia kila mwezi bila kulifikiria: "Kimea ni pombe. Kimea kisiingie jikoni penye chakula cha mtoto."

Kama hukijui kimea, ngoja nikueleze kidogo. Unachukua ulezi, unauloweka usiku kucha, unauchuja, unaufunika kwa gunia au majani ya mgomba, na baada ya siku mbili tatu unachipua vijimkia vyeupe. Ukishachipua unauanika juani ukauke kabisa, kisha unausaga. Unga huo ndio kimea, na bila huo hakuna pombe ya nafaka. Karibu kila nyumba pale kijijini ilikuwa na kibuyu chake kidogo cha kimea, kwa sababu karibu kila mwanamke alipika pombe ya msiba au ya kazi ya shamba angalau mara moja kwa mwaka. Mimi vibuyu vile niliviona. Nilivihesabu kuwa ni vibuyu vya ulevi.

Sasa turudi kwa mjukuu, karibu mwaka mmoja baada ya siku ile ya kwanza. Alikuwa mvulana wa mwaka mmoja na miezi michache, macho makubwa, mpole kupita kiasi. Wewe jifunze hili: mtoto wa umri ule akiwa mpole sana, mtazame vizuri. Mvua zilikuwa zimekolea na watu wote wako palizini. Tulimvalisha ile chupi ya kupimia, tukamning'iniza kwenye mizani iliyofungwa kwenye kenchi ya paa la ghala. Mshale ulicheza ukatulia. Nikachukua kadi yake.

Kadi ya kliniki wakati ule ilikuwa na njia tatu za rangi: kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini. Nukta za huyu mtoto zilianza kwenye kijani, zikashuka kwenye kijivu, na ile niliyoweka siku hiyo ilikuwa imekaa ukingoni kabisa mwa nyekundu, kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kisima.

Mama yake alikuwa binti mdogo, mtoto wake wa kwanza, na alikuwa msikivu kuliko wote. Nilichokisema alikifanya. Nilimwambia ukweli: mwezi ujao msimamizi wangu atakuja na gari kutoka mjini. Nukta ikishuka tena, mtoto lazima aende wodi ya lishe Songea, na mama aende naye, huenda kwa wiki kadhaa.

Alitazama upande wa mashamba. Mume wake alikuwa amekwenda upande wa Namtumbo kwenye kazi za tumbaku, hangerudi kabla ya mavuno. Shamba la mahindi la ekari zake mbili lilikuwa limepaliliwa robo. Kila mtu pale alijua hesabu yake: ukiacha palizi wiki tatu wakati wa mvua, magugu yanakuzidi, na mwaka unaofuata nyumba nzima inakula kwa kuomba. Aende wodini, shamba life. Abaki shambani, mtoto je?

"Nifanye nini, nesi?" hatimaye aliniuliza.

Nikamwambia nilivyofundishwa chuoni. Uji wake ulikuwa mwepesi mno. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ukimpa uji wa majimaji, ngumi inajaa maji, mtoto anashiba, na chakula kilichoingia ni kidogo sana. "Pika uji mzito," nilimwambia. "Uwe mzito mpaka kijiko kisimame chenyewe katikati ya bakuli."

Bibi wa mtoto, yule mpika pombe, alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema, "Kijiko kikisimama, mtoto atalala." Nilidhani ni utani mwingine.

Wiki moja baadaye nilikwenda kuwatembelea. Yule binti alikuwa ametii kama kawaida yake. Bakuli lilikuwa mkekani, kijiko kimesimama katikati yake kama nguzo ya bendera. Mtoto alikula kijiko cha kwanza. Cha pili alikizungusha mdomoni kwa muda mrefu, kama mzee anayetafuna nyama ngumu. Cha tatu alikitema. Kisha akafunga mdomo, na mdomo wa mtoto ukifungwa hakuna ufunguo. Mama yake aliimba, akapiga makofi, akajifanya ndege. Mtoto alimtazama kwa huruma, akasinzia.

"Kila siku ni hivi," binti alisema. "Anachoka kula kabla hajashiba. Na mimi jembe linaningoja."

Nakwambia ukweli, nililitazama lile bakuli nikapiga hesabu upya. Uji mwepesi unajaza tumbo bila chakula. Uji mzito una chakula lakini mtoto hawezi kuumeza. Chati yangu ilisema ongeza maziwa na mafuta, na maziwa yalikuwa Msamala.

Bibi akatokea nyuma ya nyumba, mikono imepakaa masizi. Alitazama bakuli, akanitazama mimi, akaingia ndani. Alitoka na kibuyu. Alichukua lile bakuli lililokuwa bado moto, akachota kijiko kimoja kutoka kwenye kibuyu, akanyunyiza, akaanza kukoroga.

Kijiko kilichokuwa kimesimama kikaanza kuinama. Kikainama, kikalala, kikagonga ukingo wa bakuli. Uji ukawa unatiririka kama asali iliyopata jua, na hakuna aliyeongeza hata tone la maji.

"Umetia nini?" niliuliza, ingawa nilikwisha kuona.

"Kimea."

"Mama! Unampa mtoto pombe!"

"Pombe?" Aliinua bakuli hadi usoni pangu. "Pombe inalala siku tatu ndipo inaitwa pombe. Huu umelala saa ngapi? Haya, onja. Ukilewa nitakubeba mgongoni mpaka zahanati, na kila mtu atakuona."

"Siwezi kuonja."

"Basi mimi nalewa peke yangu." Akanywa funda moja, akajifanya anayumba, akashika nguzo ya nyumba na kuniita shemeji. Binti yake alificha uso kwenye khanga akicheka. Nikaona kwamba nisipoonja nitakuwa kichekesho cha kijiji, nikaonja. Uji ulikuwa mtamu, utamu wa nafaka yenyewe, kama mtu ametia sukari kidogo.

Mtoto alinusa. Alifungua mdomo mwenyewe. Akanywa kwa kikombe, akapumua, akanywa tena, akamaliza, akashika kikombe kwa mikono miwili kukitazama ndani kama kimebaki.

"Kwa nini hukumpa tangu zamani?" nilimuuliza bibi, na sauti yangu haikuwa ya kufundisha tena.

Alimgeukia binti yake. "Mwambie."

Binti aliinamisha kichwa. "Mama alitaka kumpa tangu alipoanza kula. Mimi nilikataa. Ulisema kimea kisiingie jikoni penye chakula cha mtoto."

Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo kiini cha habari kilipo. Sikuwa mtu mbaya, na chuo changu hakikunifundisha uongo. Nilisikia neno kimea, nikaona pombe, nikafunga mlango. Na msikivu kuliko wote ndiye aliyeumia, kwa kuwa alinisikia.

Nilirudi nyumbani nina wasiwasi na furaha kwa pamoja. Asubuhi nikaamua kujaribu mwenyewe kabla ya kumwambia mtu yeyote. Nilipika uji mzito, kijiko kikasimama. Ulipokuwa unatokota vizuri, ukiwa na mapovu yale yanayoruka na kukuunguza mkono, nikatia kimea, nikakoroga. Hakuna kilichotokea. Nikatia kijiko kingine. Kijiko changu kilisimama wima kama askari wa gwaride.

Nikajisemea, yule mama amenichezea. Lazima aliongeza maji nikiwa sioni. Nilipanda baiskeli kwa hasira, nimebeba sufuria yangu kwenye kikapu, na uji ukanirukia magotini njia nzima.

Nilimkuta anakoroga pipa. Nikamwekea sufuria mbele yake. "Shikamoo mama. Kimea chako hakifanyi kazi. Jana uliongeza maji."

"Marahaba. Ulitia wakati gani?"

"Ulipokuwa unachemka."

Aliacha mwiko. Alikaa chini kabisa, akacheka huku anajifuta machozi kwa kiwiko. "Umekiua! Masikini kimea cha watu! Nesi, hata wewe nikikutia kwenye pipa linalochemka utafanya kazi?"

Kisha alinifundisha, na nilitamani walimu wangu wote wangekuwa kama yeye. Kimea, alisema, kinataka joto lakini hakitaki moto. Kwenye uji uliopoa kinafanya kazi kwa uvivu. Kwenye uji unaochemka kinakufa. Lazima uipue sufuria na usubiri.

"Nisubiri muda gani?"

"Fungu moja la rozari. Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Huku unakoroga. Ukifika mwisho, ndipo utie."

"Nikisali harakaharaka?"

"Mungu hatakusikia, na kimea kitakufa."

Wapika pombe wote wa pale walipima hivyo, toka kwa mama zao. Pipa kubwa lilikuwa la rozari nzima, chungu cha wastani mafungu matatu, sufuria ya mtoto fungu moja. Nikamuuliza, sasa kimea kinafanya nini hasa? Mimi nilijua baadaye maneno ya kitaalamu ya jambo lile, lakini mpaka leo nikifundisha natumia maneno yake.

"Unga ukiiva," alisema, "ni kama watu waliogombana wakashikana mashati. Wamekazana, hakuna pa kupita. Kimea ni mjumbe wa nyumba kumi. Anakuja, anawaachanisha mmojammoja. Sasa unaweza kupita katikati yao. Lakini angalia, hakuna aliyeondoka. Wote bado wapo."

Wote bado wapo. Yaani unga ule ule mwingi, sasa unamezeka. Unapotia maji, unawafukuza watu ili upate njia. Unapotia kimea, watu wanabaki na njia inapatikana.

Nilimwuliza mbona hakunieleza haya toka siku ya kwanza. Akarudi kwenye mwiko wake. "Uliniuliza lini? Ulikuja umeshika fimbo. Mtu aliyeshika fimbo haulizi, anangoja tu amalize kufundisha."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, yule binti alisali fungu lake akikoroga. Mtoto alipata kikombe cha asubuhi, kingine walikibeba shambani kwenye chupa ya chai, na jioni cha tatu, na siku karanga zilipokuwepo bibi alizitwanga akatia humo. Mimi nilipita kila baada ya siku mbili, nikijidai nakwenda kuangalia usafi wa choo. Ukweli nilikwenda kuangalia mashavu. Wiki ya tatu nilimkuta mtoto anavuta mkia wa kuku, kuku anapiga kelele, na bibi anamgombeza. Sikumbuki kelele nyingine zilizonifurahisha kama zile. Lakini mashavu si mizani, na msimamizi wangu aliamini mizani tu.

Siku ikafika. Gari la wilaya lilikuja limechafuka matope hadi madirishani. Msimamizi alishuka, mama wa makamo, mkali lakini mwenye haki, amevaa mabuti. Nilikuwa nimemwandikia mapema kuhusu yule mtoto, kwa hiyo alikuwa ametenga kiti nyuma. Na binti alikuja akiwa tayari: khanga mbili, bakuli na kikombe, vimefungwa kwenye furushi. Alikuwa amepalilia nusu ya shamba. Nusu. Furushi aliliweka miguuni kwake kwenye foleni, na kila foleni iliposogea alilisukuma mbele kidogo kwa kidole cha mguu, kama hataki liguse gari.

Tulimning'iniza mtoto. Safari hii hakuwa mpole. Alirusha miguu, mizani yote ikayumba, na mshale ukakataa kutulia. Msimamizi alisema, "Mtulizeni." Bibi alisogea akamwimbia kitu kwa Kingoni, mtoto akashangaa akaacha miguu. Mshale ukatulia.

Msimamizi alisoma mwenyewe. Akasoma tena. Akachukua kadi kutoka mkononi mwangu, akaweka nukta kwa kalamu yake. Nukta ilikuwa bado kwenye kijivu. Lakini ilikuwa juu ya ile ya mwezi uliopita, juu vya kutosha mtu kuiona bila miwani.

Binti hakuelewa. "Bado kijivu," alisema, na akainama kuchukua furushi.

"Acha hilo furushi," msimamizi alisema. Akamwonyesha kadi, akapitisha kidole juu yake taratibu. "Usitazame rangi peke yake, mama. Tazama njia inaelekea wapi. Mwezi uliopita ilikuwa inashuka. Sasa inapanda. Mtoto anayepanda hivi, mzima, anayepiga mateke namna hii, simlazi wodini. Rudi kapalilie. Mwezi ujao nimwone tena." Kisha akanigeukia. "Umempa nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema "uji mzito" nikasifiwa. Namshukuru Mungu aliniokoa. Nilimwonyesha bibi. "Muulize mwalimu wangu."

Bibi hakuhitaji kuombwa mara mbili. Aliagiza sufuria, mafiga na kuni viletwe pale pale mlangoni pa ghala. Alipika uji, kijiko kikasimama, msimamizi akakisukuma kwa kidole kuhakikisha. Akaipua. "Sasa wote tusali," alisema, na kina mama wakaanza Salamu Maria, yeye akikoroga.

Mama mmoja kwenye foleni, Mwislamu, mwenyeji wa Namtumbo aliyeolewa pale, alisema kwa sauti, "Na sisi wengine uji wetu utalegea na nini?"

"Mna kamba yenu ya shanga," bibi alimjibu. "Hesabu."

"Tasbihi nzima ni fupi kuliko fungu lako."

"Basi zungusha mara mbili, shoga. Huu uji utakuwa umeombewa pande zote."

Msimamizi, aliyekuwa anatazama saa yake ya mkononi, alisema, "Ni kama dakika tano tu."

"Na saa yako ikisimama, mtoto asile?"

Fungu likaisha. Kimea kikaingia. Kijiko kikainama, kikaanguka, na kina mama wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ametoka ndani. Wengi wao walikuwa na kibuyu kile kile nyumbani. Niliona nyuso zao zikihesabu: ninacho, ninacho, ninacho.

Msimamizi alionja, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. Kisha aliongeza jambo moja, na lilikuwa la maana. Kimea kimelowekwa na kuanikwa nje siku kadhaa, alisema, mikono na vumbi vimekigusa. Kwa hiyo uji ukishalegea, urudishwe motoni uchemke kidogo kabla mtoto hajapewa, ili uchafu ufe.

"Uchafu?" Bibi aliweka mikono kiunoni. "Kuku wangu hawakanyagi kimea!"

"Mama, niliona kuku mmoja anatoka kwenye mkeka wako wakati gari linaingia," dereva alisema kutoka pembeni.

Watu walicheka, na bibi alicheka kuliko wote. "Haya, uchemke. Wakati huo kimea kimekwisha kazi yake, kife tu kwa amani." Akairudisha sufuria motoni. Nikaona kwamba kila mmoja sasa alikuwa amempa mwenzake kitu.

Gari lilipoondoka, kile kiti cha nyuma hakikuwa kitupu. Kilibeba mfuko wa kimea, zawadi ya bibi kwa wodi ya lishe, ameufunga kwa kamba ya mgomba na kumwonya msimamizi asiukalie. Binti alijitwisha furushi lake, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya shambani moja kwa moja. Hakupitia hata nyumbani.

Kilabu cha pombe hakikuhama. Mimi na mama yule tuliendelea kugombana juu yake kwa miaka, yeye akiniita mtoto wa Lizaboni, mimi nikimwita profesa. Chati yangu niliendelea kuitundika, ila juu ya picha ya maziwa ya kopo nilishona kipande cha kitambaa na kuchora kibuyu. Sikujua kuchora. Kina mama walisema kinafanana na bata. Na kila nilipohamishiwa kijiji kingine baada ya hapo, sikuanza na fimbo. Nilianza kwa kuomba kuonyeshwa majiko, na kuuliza kila chombo ni cha nini na nani anajua kukitumia vizuri.

Basi, msikilizaji wangu, usiondoke na maneno matupu. Kesho asubuhi pika uji mzito mpaka kijiko kisimame. Uipue, uukoroge kwa muda wa fungu moja la rozari au tasbihi mbili. Tia kijiko kimoja cha kimea cha ulezi, koroga mpaka kijiko kianguke. Urudishe motoni uchemke kidogo, uupoze, kisha mpe mtoto kwa kikombe safi.